Bob Fosse: Jamaa Aliyekufa 1987 Lakini Video Zako Kali Bado Zinacheza Stepu Zake

Wewe mpenzi wa video, hebu kumbuka Single Ladies. Beyoncé yuko katikati, madem wawili pembeni, nyuma ni peupe tu, picha ni nyeusi na nyeupe, na mkono mmoja umevalishwa kitu kama glavu ya chuma. Hakuna gari la bei. Hakuna jumba la kifahari. Hakuna mbogi ya watu mia wakirusha doo hewani. Ni watu watatu na mwili wao, basi. Na mwaka wa 2009 hiyo ngoma ikabeba tuzo ya video ya mwaka kwa MTV.

Sasa tafuta klipu moja ya 1969 inaitwa Mexican Breakfast. Utaona mwanamke mmoja katikati na wengine wawili pembeni. Wanatembea mbele, wanarudi, wanarusha bega, wanavunja mkono pale kwa kiwiko. Manze utashtuka. Na usifikirie hiyo ni siri imefichuliwa hapa, juu Beyoncé mwenyewe alishasema wazi kwamba idea ilitoka kwa hiyo klipu.

Aliyetunga hizo stepu za 1969 ni jamaa anaitwa Bob Fosse. Pengine hilo jina halikuambii kitu. Lakini kama unapenda video zenye kofia imeinamishwa hadi jicho, glavu, kiti, vidole vinavyoongea na kiuno kinachosonga peke yake huku mwili wote umetulia, huyu msee ushakutana naye mara mia.

Stori yake inabamba na pia inauma. Inabamba juu vitu alivyokuwa anavionea aibu kwa mwili wake ndivyo aligeuza vikawa staili. Inauma juu ya vile alilipa, na vile watu waliokuwa karibu naye walilipa pia.

Kijana wa Chicago

Robert Louis Fosse alizaliwa Chicago tarehe 23 Juni 1927, kwa familia ya watoto sita. Budake alikuwa muuzaji wa kusafiri wa kampuni ya chokoleti ya Hershey. Akiwa mtoto mdogo akapelekwa shule ya densi, na kabla amalize shule ya kawaida alikuwa tayari analipwa kucheza. Yeye na mwenzake walijiita Riff Brothers, wakipiga tap, ile densi ya viatu vyenye vipande vya chuma kwa soli.

Shida ni mahali walikuwa wanachezea. Kazi nyingine zilikuwa kwa vilabu vya usiku vya bei rahisi, mahali wanawake wanavua nguo kwa steji na walevi wanapiga kelele. Mtoto wa shule, usiku, kule nyuma ya pazia, bila mtu wa kumchunga. Watu wazima walimfanyia vitu ambavyo mtoto hafai kufanyiwa, na hayo maisha hayakuwahi kumtoka. Ukiangalia kazi yake yote baadaye, kuna kitu cha klabu ndani: moshi, taa hafifu, tabasamu ambalo halijafika kwa macho.

Mwaka wa 1945 akaingia jeshi la wanamaji la Marekani, vita vikiisha. Huko alipangiwa shoo za kuburudisha wanajeshi kule Pasifiki. Alipotoka, akaenda New York kutafuta maisha.

Upara, mikono na miguu

Ndoto yake ilikuwa moja: kuwa Fred Astaire mwingine. Fred Astaire, kama humjui, ndiye alikuwa mfalme wa densi kwa filamu za Hollywood. Suti imekaa, miguu mepesi, kila kitu laini kama siagi.

Fosse alifika Hollywood mwaka wa 1953 na kampuni ya MGM ikampa kazi. Lakini hakuwa na mwili wa Astaire. Nywele zilikuwa zinaisha akiwa bado kijana. Mabega yalikuwa yameinama mbele. Mikono yake hakuipenda. Na miguu haikuweza kufunguka kuelekea nje vile densi ya bale inataka. Vidole vyake vya mguu vilikuwa vinataka kuangaliana.

Msee mwingine angerudi nyumbani. Yeye akavaa kofia kuficha upara. Akavaa glavu kuficha mikono, halafu akagundua kwamba glavu nyeupe ikishikwa na taa, macho ya watu wote yanaenda kwa mkono. Mabega akayaacha yainame, akayafanya yaonekane ni ya makusudi. Magoti na vidole vya mguu akavielekeza ndani. Sasa angalia hiyo picha kwa akili yako: kofia, glavu, bega limeinama, goti limegeuka ndani. Hiyo ni nusu ya video za pop ulizokua ukiziona.

Kwa filamu ya Kiss Me Kate ya 1953, alipewa nafasi ya kupanga kipande kifupi, kama dakika moja hivi, acheze na Carol Haney. Kidogo tu. Lakini hako kadakika kaliona mbele kuliko filamu nzima. Watu wa Broadway, yaani mtaa wa majumba ya maonyesho pale New York, wakamwita.

Watu watatu, kofia na Gwen

Mwaka wa 1954 shoo ya The Pajama Game ikafunguliwa Broadway. Ndani yake kulikuwa na ngoma inaitwa Steam Heat. Watu watatu, suti nyeusi za kubana, kofia nyeusi za mviringo. Wanaruka kidogo, wanasimama ghafla, wanachezea kofia kama ni kiungo cha mwili. Wenye shoo kubwa za wakati huo walikuwa wanajaza steji na watu hamsini. Fosse akaweka watatu, na ukumbi ukawaka. Akapata tuzo yake ya kwanza ya Tony.

Hesabu ya watatu uiweke kwa kichwa. Utakutana nayo tena.

Mwaka uliofuata, kwa shoo ya Damn Yankees, akakutana na Gwen Verdon. Na hapa usiruke, juu bila Gwen hii stori haiko. Gwen alikuwa na nywele nyekundu na alikuwa tayari staa. Alipokuwa mtoto aliugua ugonjwa wa mifupa, miguu ikapinda, akavalishwa viatu vya kunyoosha, na mama yake akamwingiza densi ili miguu ipate nguvu. Yaani umewahi kuona watu wawili wenye miguu ya shida wakikutana wakabadilisha densi ya dunia?

Walioana 1960, wakapata binti mwaka wa 1963. Gwen ndiye alikuwa mwili wa zile stepu. Fosse anatunga, Gwen anazipa uhai, halafu Gwen huyo huyo anawafundisha wengine. Yule mwanamke wa katikati kwa Mexican Breakfast ndiye yeye. Kwa hivyo ukimsifu Fosse kwa sababu ya Single Ladies bila kutaja Gwen, umesifu mpishi ukasahau aliyewasha moto.

Kamera nayo ikaanza kucheza

Mwaka wa 1969 Fosse akapewa filamu yake ya kwanza kuelekeza, Sweet Charity. Ndani kuna kipande kinaitwa Rich Man's Frug: matajiri kwa klabu, vichwa nyuma, fegi mkononi, wanacheza kama watu wanaochoshwa na pesa zao. Ni kitu safi ajabu, na Beyoncé alikirudia kwa Get Me Bodied mwaka wa 2007. Lakini filamu yenyewe ilikula karibu dola milioni 20 na haikuzirudisha. Simu za Hollywood zikanyamaza.

Halafu ikaja 1972. Cabaret, na Liza Minnelli ndani. Stori iko Berlin, mwanzo wa miaka ya 1930, Wanazi wanaingia polepole huku watu wakiendelea na sherehe. Hapa ndipo Fosse alifanya kitu ambacho kila mtengeneza video anafanya leo bila kufikiria: alikata picha kwa mapigo ya ngoma.

Kabla yake, filamu za densi zilikuwa zinaheshimu mwili mzima. Kamera inasimama mbali, unaona kichwa hadi kiatu. Fosse akasogea. Goti. Kidole. Jasho kwa mdomo. Kofia. Uso wa mlevi kwa meza. Kata, kata, kata. Kuna mahali kwa steji wanacheza densi ya kupigana makofi kwa utani, watu wanacheka, na katikati ya makofi hayo anakuonyesha nje meneja wa klabu akipigwa na Wanazi. Makofi ya ndani na ngumi za nje ni mdundo mmoja. Hakuna mtu amekuhubiria chochote, lakini tumbo lako limeshaelewa.

Mwaka huo huo akarekodi shoo ya Liza with a Z kwa televisheni, laivu, akitumia kamera za filamu badala ya kamera za kawaida za TV. Na shoo yake ya Pippin ikafunguliwa Broadway. Pippin ilipohitaji kusukumwa, Fosse akatengeneza tangazo la TV la dakika moja. Matangazo ya Broadway hayakuwa yanaonyesha densi yenyewe. Hili likaonyesha: Ben Vereen katikati, madem wawili pembeni, kofia, bakora, na viuno. Halafu sauti inakuambia dakika 119 zilizobaki utazipata ukumbini. Watu wakanunua tiketi, na shoo ikakaa hadi 1977.

Fikiria hiyo kitu. Dakika moja, ngoma moja, watu watatu, kamera imekaribia, lengo ni kukufanya utake zaidi. MTV ilikuja kuanza Agosti 1981. Huyu msee alikuwa ametangulia kwa karibu miaka minane.

Mwaka wa 1973 ukawa wake wote. Oscar ya mwelekezi bora kwa Cabaret, akimpita Francis Ford Coppola aliyekuwa na The Godfather. Tony mbili kwa Pippin. Emmy tatu kwa Liza with a Z. Hakuna mwelekezi mwingine aliyewahi kubeba hizo tatu kwa mwaka mmoja.

Nyoka wa jangwani na glavu ya Michael

Mwaka wa 1974 ilitoka filamu ya The Little Prince, na picha zake nyingi zilipigwa hapa Afrika, kule Tunisia. Fosse aliigiza nyoka. Hakuvaa ngozi ya nyoka. Alivaa nguo nyeusi, kofia nyeusi, glavu na miwani ya rangi. Akateleza kwa mchanga, akazunguka, akasimama kwa ncha ya viatu, akarusha kiuno, akashika kofia.

Sasa chukua Michael Jackson akiimba Billie Jean kwa shoo ya Motown 25, iliyoonyeshwa Mei 1983. Ziweke kando kwa kando. Suruali nyeusi fupi inayoonyesha soksi, kofia, glavu, mzunguko, kiuno, kusimama ghafla. Utajiuliza kama walizaliwa nyumba moja.

Lakini tuwe wa haki. Michael alikuwa mwanafunzi wa watu wengi: James Brown, Fred Astaire, vijana wa mtaani. Ile slaidi ya kurudi nyuma, Bill Bailey, Mmarekani mweusi wa tap, alirekodiwa akiifanya tangu 1955. Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar aliionyesha kwa TV ya Uingereza mwaka wa 1982. Fosse ni mmoja wa walimu, si baba wa kila kitu.

Na yeye pia alichukua. Tap aliyokulia nayo ni densi ambayo Wamarekani weusi waliijenga kwa jasho, na wengi wao hawakupewa filamu wala Oscar. Hata Single Ladies haiko na mzazi mmoja. Kuna Fosse na Gwen, na kuna J-Setting, densi ya madem wa bendi ya chuo cha Jackson State kule Mississippi, ikapitia vilabu vya vijana weusi wa kusini. Frank Gatson na JaQuel Knight, waliopanga stepu za hiyo video, walivichanganya vyote kwa sufuria moja.

Ndio maana nakuambia majina. Stepu ikisafiri bila jina, aliyelipia anabaki nje mlangoni.

Bei yake

Sasa ile sehemu inauma. Baada ya kubeba kila tuzo 1973, Fosse hakufanya sherehe ya mwezi mzima. Alizama kwa huzuni hadi akajipeleka hospitali ya matibabu ya akili kwa muda mfupi. Alikuwa na kila kitu mkononi na moyoni hakuna kitu.

Alikuwa anaishi kwa fegi na vidonge vya kumweka macho. Fegi inakaa mdomoni hadi inakaribia kuchoma midomo, huku anaonyesha stepu. Na wanawake. Alimkosea Gwen mara nyingi na waziwazi, na mwaka wa 1971 wakatengana, ingawa hawakuvunja ndoa. Wacheza densi wake walimpenda na walimwogopa. Angeweza kurudia kidole kimoja saa nzima, na pia alijua kutumia nafasi yake ya bosi kwa madem waliomtegemea kupata kazi. Leo tungeita hiyo jina lake halisi, na kuwa genius hakufuti.

Mwisho wa 1974 alikuwa anahariri filamu ya Lenny huku anafanyisha mazoezi shoo ya Chicago, mchana na usiku. Moyo ukagoma. Akafanyiwa upasuaji wa moyo. Gwen, mke aliyemwacha, ndiye alikuwa staa wa Chicago, na shoo ilibidi imngoje. Ilifunguliwa Juni 1975.

Unadhani alipunguza? Zi. Akatengeneza filamu juu yake. All That Jazz, ya 1979, ni ya mtunzi wa densi anayevuta fegi, anameza vidonge, anahariri filamu, anafanyisha shoo, anawakosea wanawake wake, na moyo unamkataa. Kila asubuhi anameza, anaweka dawa ya macho, anaoga, anajitabasamia kwa kioo. Mwisho wake anaimbiwa kifo chake kama shoo kubwa ya TV, watu wanapiga makofi. Ilishiriki tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1980. Kuna kipande cha densi humo ndani cha wafanyakazi wa ndege ambacho Paula Abdul alikirudia kwa video ya Cold Hearted ya 1989, iliyoelekezwa na David Fincher.

Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu ya kuonyesha mtu yeyote anayesema hustle bila kulala ni sifa. Fosse alijiona vizuri kabisa kwa kioo. Alijua ugonjwa, alijua dawa, akapiga picha vyote viwili, halafu akawasha fegi nyingine.

Jioni ya mwisho

Tarehe 23 Septemba 1987, Sweet Charity ilikuwa inafunguliwa upya ukumbi wa National Theatre, Washington. Fosse na Gwen walikuwa wamefanyisha mazoezi ya mwisho. Wakiwa wanatembea mtaani karibu na hoteli ya Willard, moyo wake ukasimama. Alianguka, Gwen akiwa hapo hapo naye. Alikuwa na miaka 60. Ukumbini pazia lilifunguliwa kama kawaida, watu wakacheza stepu zake usiku huo.

Kwa wosia wake aliacha dola 25,000 ili marafiki 66 waende kula na kunywa kwa bili yake. Wakaenda, na wakacheza densi.

Gwen alimfuata mwaka wa 2000. Chicago ilirudishwa Broadway mwaka wa 1996, Ann Reinking akipanga densi kwa staili ya Fosse, na bado inaendelea. Filamu yake ya 2002 ilibeba Oscar ya filamu bora.

Ukipata bando la wikendi

Tazama kwa mpangilio huu. Steam Heat kwanza, iko ndani ya filamu ya The Pajama Game ya 1957. Halafu Rich Man's Frug. Halafu Mexican Breakfast, na umwangalie Gwen pekee. Halafu tangazo la Pippin. Halafu nyoka wa The Little Prince. Ukimaliza ndio urudi kwa Billie Jean ya Motown 25 na Single Ladies.

Usiangalie kiuno mara ya kwanza, najua hapo ndipo macho yako yatakimbilia. Angalia kile kimetulia. Kwa stepu za Fosse kichwa kinaweza kukaa kimya, bega kimya, halafu kidole kimoja kinasonga na ukumbi wote unakifuata. Halafu niambie ni video gani ya sasa, ya huku ama ya majuu, ina watu watatu, kofia na kidole kinachoongea. Ziko nyingi kuliko unavyodhani.